Mashine Kuukuu na Urithi wa Umma: Kanda za Dansi na Watu wa Ziwa Tanganyika

Kila mwaka, tunapofika kwenye mada ya utamaduni na ujenzi wa taifa, huwapigia wanafunzi wangu wimbo mmoja wa dansi wa miaka ya sabini. Kila mwaka huulizwa swali lilelile: kwa nini sauti ile ina joto ambalo nyimbo za leo hazina? Wengi huwa wameshajijibu wenyewe kwamba ni mashine. Wanaamini kuwa ukipata kinasa sauti cha kale, maikrofoni ya kale na utepe wa sumaku, utaipata tena sauti ya Tabora Jazz au NUTA Jazz.

Imani hiyo si ya wanafunzi wangu peke yao. Ulaya na Marekani zipo bendi za swingi, ule muziki wa dansi uliotamba Marekani katika miaka ya 1930 na 1940, ambazo leo hurekodi albamu zao kwa mitambo ya enzi za babu zao. Mwaka 2017 ilitoka filamu ya *The American Epic Sessions*, iliyoongozwa na Bernard MacMahon, ambamo wanamuziki wa leo walirekodi kwa mtambo wa miaka ya 1920 uliokarabatiwa. Mtambo huo ulichora sauti moja kwa moja juu ya sahani, na kilichouzungusha kilikuwa uzito uliokuwa ukishuka taratibu kwa kapi. Uzito ulipofika chini, wimbo ulipaswa kuwa umekwisha. Mwanamuziki alikuwa na dakika tatu hivi, maikrofoni moja, na hakuwa na nafasi ya kusahihisha.

Naona faida katika majaribio ya namna hiyo, kwa kuwa yanatufundisha jinsi kazi ilivyofanyika. Lakini kwetu sisi swali la mashine ya kale lina uzito mwingine kabisa, nalo linagusa mali ya umma, haki ya mtunzi na kumbukumbu ya watu wa mikoa ya mbali. Nitalieleza kwa kuanzia Kasingirima, kata iliyomo katika Manispaa ya Kigoma Ujiji, kwa sababu ukitazama historia ya dansi ukiwa umesimama karibu na ziwa, unaona mambo ambayo ukiwa Dar es Salaam hayaonekani kwa urahisi.

Kwanza tukumbuke kwamba Ujiji haikusubiri redio ili ifahamiane na dunia. Ulikuwa mji wa misafara kabla ya ukoloni, na humo walikutana Waha, Waswahili kutoka pwani, Waarabu, na Wamanyema waliotoka ng'ambo ya ziwa, baadhi yao wakiwa wametekwa na kuletwa kama watumwa. Ngoma ya beni, iliyoiga bendi za kijeshi kwa tarumbeta, sare na vyeo, ilianzia pwani, ikasambaa bara pamoja na askari, makarani na wafanyabiashara, ikafika hadi mashariki ya Kongo. Mwanahistoria Terence Ranger aliiandikia kitabu kizima mwaka 1975. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kwa makubaliano ya mwaka 1921, Wabelgiji walipewa na Waingereza eneo lao katika bandari ya Kigoma ili mizigo ya Kongo ipite hapo kwenda Dar es Salaam. Meli iliyozinduliwa na Wajerumani mwaka 1915, ikazamishwa mwaka 1916 na kuopolewa mwaka 1924, ilirudi kazini mwaka 1927 kwa jina la Liemba.

Nayataja haya kwa kuwa muziki husafiri kwa njia zilezile zinazopita watu na bidhaa. Reli na meli vilipokutana Kigoma, ufukwe huu ukawa mlango kati ya miziki miwili mikubwa. Upande wa mashariki kulikuwa na bendi za mijini za Tanganyika. Upande wa magharibi kulikuwa na magitaa ya Katanga na, mbali zaidi, rumba ya Léopoldville, ambako kampuni ya santuri ya Ngoma ilianza kazi mwaka 1948.

Swingi nayo ilitufikia, lakini haikukaa kwa jina lake. Vijana wetu waliopelekwa Burma na India katika Vita vya Pili vya Dunia walikutana huko na muziki wa dansi wa Kizungu na Kimarekani, na baadhi yao walirudi na hamu ya magitaa na saksafoni. Wakati huohuo santuri za Kikyuba za mfululizo wa GV, zilizoanza kutolewa mwaka 1933, zilikuwa zikichezwa mijini. Katika mchanganyiko huo rumba ndiyo iliyoshinda, na swingi ikatuachia neno moja tu, "jazz". Ndiyo maana tulikuwa na Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz, Tabora Jazz na Western Jazz, ilhali mapigo yao yalikuwa ya Kikyuba na Kikongo kuliko ya Kimarekani. Kigoma nayo ilikuwa na bendi yake, Lake Tanganyika Jazz.

Sauti za kipindi hicho cha mpito zipo hadi leo, nazo zilinaswa kwa mitambo ambayo sasa ingeitwa ya makumbusho. Hugh Tracey, Mwingereza aliyefanya makazi yake kusini mwa Afrika, alizunguka Tanganyika mwaka 1950 akiwa na vifaa vya kurekodia garini. Alikuwa akitafuta ngoma za asili, lakini alirekodi pia bendi za dansi. Mwaka 1952 alikuwa Kongo, na huko Jadotville, mji tuuitao sasa Likasi, alimrekodi kijana aliyepiga gita peke yake na kuimba kwa Kiswahili, Jean Bosco Mwenda. Sehemu ya kanda za dansi za safari hizo ilikusanywa miaka mingi baadaye katika albamu iitwayo *Colonial Dance Bands*. Anayetaka kujua swingi ilivyosikika mikononi mwa Waafrika wa Mashariki na Kati kabla rumba haijaimeza, aisikilize hiyo.

Tuje sasa kwenye mashine yenyewe, maana bila kuelewa kazi yake hatuwezi kuelewa hoja. Kurekodi kwa maikrofoni moja au chache kulikuwa ni kupanga watu chumbani. Mwenye tarumbeta alisimama mbali kwa sababu chombo chake kina nguvu. Mwimbaji alisogea karibu. Tumba ziliwekwa pembeni. Aliyekuwa na zamu ya kupiga peke yake alipiga hatua mbele, kisha akarudi nyuma kumpisha mwenzake. Uwiano wa sauti, ambao leo mtu mmoja huurekebisha kwa kidole akiwa ameketi mbele ya kompyuta, wakati ule uliamuliwa kwa miguu ya watu wanane au kumi na wawili waliokuwa wakisikilizana. Mmoja akikosea, wote walirudia. Kwa hiyo nidhamu ya bendi ilikuwa sehemu ya mtambo.

Hapa Tanzania mtambo uliotawala ulikuwa wa serikali. Redio ilianza mwaka 1951 kama Sauti ya Dar es Salaam, ikawa shirika la utangazaji la Tanganyika mwaka 1956, na mwaka 1965 ikawekwa chini ya serikali moja kwa moja kama Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD. Hatukuwa na kiwanda cha kuchapa santuri, hivyo bendi iliyotaka santuri ilielekea Nairobi. Mbaraka Mwinshehe, ambaye santuri zake zilitoka huko, aliwafikia wasikilizaji wa Afrika Mashariki nzima. Mpaka wa Kenya na Tanzania ulipofungwa mwaka 1977, njia hiyo ilikuwa ngumu sana, na studio ya RTD ikabaki kuwa mahali pakuu pa kurekodia dansi nchini.

Pale RTD bendi iliingia studioni nzima, ikapiga kama ilivyopiga ukumbini, na fundi mitambo akainasa kwenye utepe wa robo inchi. Utepe ulikuwa na faida moja kubwa juu ya santuri ndogo, ambayo mara nyingi iliukata wimbo katikati na kuuweka nusu kila upande. Gurudumu la utepe lenye urefu wa futi 1,200, likizunguka kwa kasi ya inchi saba na nusu kwa sekunde, hubeba dakika 32. Wimbo ungeweza kuanza polepole kwa mashairi, ukafika kwenye chemko, magitaa yakajibizana hadi yatosheke. Umbo la dansi tulilozoea, la kisa kwanza na uchezaji baadaye, lilipata nafasi ya kupumua kwenye utepe.

Sasa turudi kwenye swali la wanafunzi wangu. Joto lile lilitoka wapi? Kwa maoni yangu lilitoka zaidi kwenye ajira kuliko kwenye mashine. NUTA Jazz, iliyoundwa mwaka 1964, ilikuwa mali ya chama cha wafanyakazi. Urafiki Jazz ilikuwa ya kiwanda cha nguo. Vijana Jazz ilikuwa ya umoja wa vijana wa chama tawala. Jeshi la Kujenga Taifa na Polisi walikuwa na bendi zao. Wanamuziki wa bendi hizo walilipwa mishahara, walifanya mazoezi mchana na kupiga usiku, wiki baada ya wiki, mwaka baada ya mwaka. Walipoingia studioni walikuwa wameshaupiga wimbo mbele ya wachezaji mara nyingi kiasi kwamba kila mmoja alijua mwenzake atavuta pumzi wapi. Mashine ilinasa tu matokeo ya mpangilio huo wa kijamii. Unaweza kuinunua mashine. Miaka mitano ya mazoezi ya pamoja hainunuliki dukani.

Hata hivyo nisieleweke kuwa nausifu mpangilio huo bila kuupima. Mwanamuziki aliyeajiriwa hakumiliki gita alilolipiga. Bendi za watu binafsi zilikuwa na tatizo hilohilo: Super Matimila ya Remmy Ongala ilibeba jina la mfanyabiashara mwenye vyombo. Redio ilikagua mashairi kabla ya kurekodi. Na jambo zito zaidi ni kwamba bendi ilirekodi, wimbo ukapigwa redioni kwa miaka, na mtunzi hakulipwa mrabaha. Malipo yake yalikuwa umaarufu, ambao ungejaza ukumbi Jumamosi. Ukumbi ulipoanza kupungukiwa na watu, umaarufu haukununua unga.

Watu wa ziwa wana fungu lao katika historia hii. Shem Ibrahim Karenga alitoka Kigoma, akaanzia muziki katika Lake Tanganyika Jazz, kisha akahamia Tabora Jazz, bendi iliyovuma kwa mtindo wa Segere Matata. Yeye ndiye mtunzi wa "Dada Asha" na "M.V. Mapenzi". Remmy Ongala alizaliwa eneo la Kindu, katika Maniema ileile walikotoka wazee wa Wamanyema wa Ujiji, akaja Dar es Salaam mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy ya mjomba wake. Kanda ya nyimbo zake ilifika Uingereza mikononi mwa rafiki, ikamfungulia njia ya kwenda kurekodi *Songs for the Poor Man* katika studio ya Real World mwaka 1989. Msafara wa Maniema kuelekea bahari, uliokuwa wa minyororo katika karne ya kumi na tisa, katika karne ya ishirini ulipitwa na watu waliobeba magitaa.

Lakini tazama umbali. Kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam kwa reli ni kilomita 1,250 hivi. Bendi ya Morogoro ingeweza kwenda RTD na kurudi kwa siku mbili. Bendi ya Kigoma ilihitaji nauli, ruhusa kazini, na uvumilivu wa treni. Kwa hiyo kijana wa ziwa aliyetaka sauti yake ibaki, kwanza alilazimika kuondoka. Nilipozungumza na wazee wa Kasingirima, walikumbuka kumbi na majina ya wapigaji waliowapenda ujanani, wapigaji ambao kwenye kanda zinazojulikana hawamo. Tusidhani basi kwamba hifadhi ya redio ni kioo cha taifa zima. Inatuonyesha pia nani alikuwa karibu na studio na nani alikuwa mbali.

Leo umbali huo umefutwa, na hilo ni jambo la kushukuru. Mwaka 2012 wasanii wenye asili ya Kigoma waliungana kwa jina la Kigoma All Stars na kutoa "Leka Dutigite". Kwa teknolojia ya sasa kila msanii anaweza kuingiza sauti kwa siku yake na saa yake, bila kuonana na wenzake, na wimbo ukakamilika. Kijana wa Ujiji mwenye kompyuta hahitaji ruhusa ya kamati. Kilichopotea ni chumba kimoja chenye watu kumi wanaosikilizana, na mwajiri wa kuwalipa watu hao wakae pamoja. Wanaotamani sauti ya zamani, na hasa maofisa wa utamaduni wanaotuhimiza kila mwaka turudi kwenye muziki wa bendi, wajiulize kwanza swali hilo la mwajiri.

Sasa nifike kwenye jambo linalonikosesha usingizi. Kwa bendi ya swingi ya Ulaya, kinasa sauti cha utepe ni anasa. Kwetu ni ufunguo. Kanda za RTD, ambazo sasa ziko chini ya Shirika la Utangazaji Tanzania, TBC, haziwezi kusikika bila mashine ya aina iliyozirekodi. Utepe wa sumaku una gundi inayoshika chembe za sumaku, na gundi za aina nyingi za miaka ya sabini na themanini hufyonza unyevu wa hewa, zikawa zinanata. Ukicheza utepe ulionata kabla ya kuutibu, chembe hubanduka na sauti huondoka nazo. Tiba ipo: utepe hupashwa joto la nyuzi 50 hivi kwa saa kadhaa, kisha hunakiliwa mara moja kabla unyevu haujarudi. Kazi hiyo inataka mashine nzima, vichwa vya kusomea visivyolika, vipuri, na fundi anayezijua. Viwanda viliacha kuziunda mashine hizo zamani, na mafundi wamestaafu au wametangulia mbele ya haki. Hifadhi ya taifa ya Australia ya filamu na sauti ilitaja mwaka 2025 kuwa kikomo: utepe usionakiliwa hadi hapo ungekuwa hatarini kupotea kabisa. Hiyo ni Australia, yenye bajeti yake. Dar es Salaam ina unyevu wa bahari mwaka mzima.

Si kwamba hakuna aliyehangaika. Mwaka 2012 Tanzania Heritage Project ilichangisha fedha ili kuokoa kanda hizo, na mwaka 2018 Amil Shivji na Rebecca Corey walitoa filamu ya *Wahenga*, inayohusu muziki wa zilipendwa na jitihada za wanamuziki, akiwemo John Kitime, za kuuhuisha. Kabla yao, wakusanyaji wa nje kama Werner Graebner walitoa albamu zenye maelezo ya kina kuhusu bendi zetu. Lakini hifadhi ya umma haiwezi kuishi kwa hisani ya wapenzi wa muziki. Inahitaji fungu katika bajeti, na inahitaji sera.

Nawaomba watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu wapime mambo matatu. La kwanza, orodha kamili ya kanda itolewe hadharani: jina la wimbo, bendi, mtunzi, tarehe, na hali ya utepe. Hatuwezi kudai wala kulinda tusichokijua. La pili, nakala za kidijitali ziwekwe katika maktaba za mikoa, ili mjukuu wa mpiga gita wa Kasingirima asilazimike kusafiri kilomita 1,250 kumsikiliza babu yake, kama babu alivyolazimika kusafiri ili asikike. La tatu, haki ya mtunzi iheshimiwe. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, haki ya mtunzi hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Shem Karenga alifariki Desemba 2014. Maana yake ni kwamba "Dada Asha" ina mwenyewe hadi mwisho wa mwaka 2064, na wenyewe hao ni warithi wake. Kumiliki utepe si kumiliki wimbo.

Kwa wanafunzi na wanaharakati nina ombi dogo zaidi. Kabla ya kutafuta mashine ya kale ili mrekodi upya, nendeni kwa wazee waliobaki mkawarekodi kwa simu zenu. Waulizeni nani alimiliki vyombo, nani alilipa mishahara, nani alitunga wimbo na nani aliandikwa kuwa mtunzi. Majibu hayo hayamo kwenye utepe wowote, na walio nayo wengi wao wamevuka miaka 70.